Kasi Ni Ile Ile

Dundee, Februari, chumba nyuma ya gereji ya magari mekundu.
Hita inakohoa kuliko wanaopimwa.
Mwaka huu mpimaji ni mimi:
nina ubao, saa, na kalamu iliyofungwa kwa uzi
ili isiibwe na wazimamoto.

Sheria ya mashine ni fupi.
Kasi haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho,
mlima tu ndio unaoongezeka.
Kila dakika mbili unainuka chini ya nyayo
taratibu, kama mtu anayekuvuta zulia kwa adabu.
Dakika kumi na mbili. Usikimbie. Usishike kishikio.

Vijana walipita asubuhi wakipiga soga.
Mmoja alitembea akitafuna chingamu,
akauliza kama mshahara umeingia.

Sasa ni zamu ya Lorne Geddes,
miaka hamsini na saba, thelathini na mmoja ndani ya buti.
Amenyoa. Amechomekea fulana
kama anayekwenda kuposa.

Huyu ndiye aliyenifundisha kutambaa gizani
nikiusoma ukuta kwa mgongo wa kiganja:
"Tumbo la kiganja likiguswa na umeme litaufumbata, Mwanaidi.
Mgongo utaruka."
Jina langu alilitamka sawasawa siku ya pili;
wengine bado wanalitafuta.
Huyu ndiye, usiku ule wa ghorofa ya kumi na tatu,
lifti imekufa, moshi umeshika ngazi,
alimshusha Bi Petrie mabegani
na tundu la kasuku mkononi,
kasuku akimtukana hadi chini.

Dakika ya nne anasimulia habari za mjukuu.
Dakika ya sita mjukuu anaachwa katikati ya sentensi.
Dakika ya nane nasikia pumzi yake ikitafuta mlango.
Goti la kulia, lile la barafu ya Lochee, linasema peke yake.
Moyo kwenye kioo: mia moja sitini na nane,
na namba inapepesa.

Najua anaogelea kila Jumanne.
Najua tangu Krismasi anakula uji bila sukari,
na bia ameiacha, hata ya Ijumaa.
Mwili umezipokea rushwa zote hizo
na bado umetoa hukumu ile ile.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,
walisema wahenga.
Hawakuiona kazi
ambayo koleo ndilo mhunzi mwenyewe.

Dakika ya kumi na nusu
mkono wake wa kushoto ukagusa kishikio.
Kugusa tu,
kama mtu anayehakikisha ukuta haujahama.
Nikatazama dirishani. Palikuwa na shakwe juu ya pipa la taka.
Nikamtazama yule shakwe kwa bidii
ambayo hakuna shakwe aliyewahi kutazamwa.

"Nimeshika," alisema.
Mashine bado inazunguka.
"Nimeona."
"Basi andika."
"Lorne..."
"Andika, binti. Ngazi za ghorofa hazitatazama dirishani."

Nikaandika. Wino ulikataa kwa baridi,
ikabidi niandike mara mbili.

Hakuna aliyelia. Alijifuta shingo, akauliza chai.
Saa nane na dakika kumi kengele: jiko linawaka huko Fintry.
Tukatoka mbio,
nami nikamwona katika kioo cha pembeni
amesimama katikati ya lango kubwa,
mikono haijui pa kukaa,
hadi mmoja ukakumbuka kikombe.

Usiku, kituo kimetulia, nilipanda mimi.
Miaka thelathini na sita; sikumwambia mtu.
Kasi ni ile ile. Mlima ukaja.
Dakika ya kumi sikuwa na shida yoyote, naapa,
ila mkono wangu wa kushoto, wenyewe, bila kutumwa,
uliuliza kishikio kiko wapi.